Ukanda wa Kitenge
Asubuhi ile gari la kipaza sauti lilipita hapa mtaani kwetu Kyebando likitangaza kwamba jioni nyama yenye sumu ingetegwa kwa mbwa wasio na wenyewe. Mbwa niliyekuwa nikimtupia mabaki nje ya lango hakuwa wangu. Nyumbani kwetu mbwa hatuwagusi. Alasiri niliswali, lakini masikio yalikuwa barabarani.

Magharibi ikikaribia mbwa huyo alitokea, amelowa mvua. Jirani yangu, fundi cherehani kutoka Kongo, alinirushia ukanda wa kitenge.

“Mfunge, Bibi, wasidhani hana mwenyewe!”

“Mfunge wewe, mwanangu.”

“Mimi ataniuma. Anayemlisha ni nani?”

Nikapiga magoti kwenye matope, nikamfunga shingoni na kumvuta hadi uani.

“Haya, leo Bibi ana mbwa!” jirani akacheka.

Nilimfunga kwenye nguzo, kisha nikaosha mikono mara saba, mojawapo kwa udongo, kama nilivyofundishwa utotoni. Adhana ilinikuta bado nasugua, namshukuru Mungu, huku nikigeuka kila mara kuangalia kama fundo linashika.