Majani ya Mkunazi na Mtoto wa Mbweha

Jani la mkunazi likisagwa na chuma hutoa harufu ya nywele zilizokoshwa sasa hivi. Harufu ya kijani, tamu kidogo, na ndani yake mna ukali wa sabuni. Mwezi uliopita, hapa Nizwa ninapokaa kwa binti yangu, katapila ilikuja kufyeka mikunazi nyuma ya nyumba ili wapime viwanja vipya. Harufu ikaingia dirishani imechanganyika na moshi wa dizeli. Mie nikaacha chungu motoni, nikakaa chini, nimeshika magoti. Binti yangu akadhani sukari imepanda.

"Mama, vipi?"

Nikamwambia hapana kitu. Lakini nyinyi nitakuambieni.

Tulikuwa tukikaa Ibra, bara ya Maskati, ndani ya wadi, yaani mkondo mkavu wa mto. Nasema ndani, sisemi pembeni, na hilo ni kosa ambalo mtu wa Ibra asingelifanya hata angekuwa kipofu. Lakini sie tulikuwa watu wa Unguja. Kwa mtu wa Unguja mto ni mto kwa sababu una maji, na mvua ikinyesha inakunyeshea wewe mwenyewe, huambiwi na mtu. Baba alipoona kokoto kavu, mchanga laini na mikunazi minene yenye kivuli, yeye aliona shamba. Mama akapanda migomba na mchaichai. Mgomba wa kwanza ulipotoa jani jipya alililia kama aliyepokea barua ya kwao.

Aliyetuuzia ni Hamdun bin Sefu. Namtaja, maana miaka yote hii hajatajwa. Alikuwa mwenzetu, kazaliwa Pemba, Kiswahili chake kitamu, na sikukuu hakosi kuja na bakuli la halwa. Mwenyeji wa Ibra hata mmoja hakununua pale. Hamdun aliwauzia Waunguja watupu, nyumba saba, na Mama alipouliza mbona wenyeji hawaji, akacheka: "Wivu tu, dada yangu. Wameishi hapa tangu enzi na hawakuliona." Karatasi ikapigwa muhuri na Mattar wa ofisi ya viwanja. Alisimama pale na viatu vyake vyeupe, akanywa chai ya Mama, akaandika kuwa ni ardhi ya makazi. Hata mikunazini hakufika, aliogopa miba.

Mie nilikuwa na miaka tisa, na dada yangu Nunu kumi na mmoja. Mwaka ule binamu yetu wa Maskati alituletea kanda ya video, katuni ya Kijapani iliyotiwa Kiarabu. Ilikuwa habari ya wanyama wa mlima mmoja, mbweha na sungura na nungunungu, na watu wanaukata mlima wao wajenge majumba. Tuliitazama kila alasiri mpaka picha ikawa inanyesha mvua. Wanyama wale walikuwa wakisema Kiarabu cha vitabuni, fasihi, kama khatibu wa Ijumaa, na sie Kiarabu chetu ndiko tulikokiokota. Siku moja Nunu akaenda dukani akasema, "Ewe ndugu mkarimu, je, kwako yapatikana maziwa?" Mwenye duka akasimama, akaitika "Amin!" Watu waliokuwepo wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia siku ile watoto wa mtaa wakawa wakimwona wanasimama safu kama wanataka kusali.

Lakini palikuwa na pahala kwenye kanda ile ambapo Nunu hakupaweza. Mbweha mama anahamisha watoto wake kwa mdomo, mmoja mmoja, na yule mdogo kabisa anabaki shimoni na mashine inakuja. Pale pale Nunu alikuwa akizima. Namwambia, "We, tutazame basi kama anarudi!" Hataki. Kwa hivyo mwisho wa katuni ile hatukuujua.

Halafu katapila ikaja kweli. Hamdun alitaka viwanja saba vyengine. Kwa muda wa siku nne ilisukuma udongo na kokoto, ikaliziba bonde dogo la pembeni, pale wadi inapogawanyika, ikafanya tuta refu kuliko nyumba yetu. Mikunazi ikaanguka mmoja baada ya mmoja. Chini ya wa nne palikuwa na shimo la mbweha.

Mimi na Nunu tulikuwa tumesimama nyuma ya ukuta. Mbweha akatoka na mtoto mdomoni, akapanda nae kilimani kwenye gofu la mnara wa zamani. Akarudi, akachukua wa pili. Nunu alinibana mkono mpaka nikaona kucha zake zimeandika. Kabla hajarudi mara ya tatu, dada yangu alikuwa keshakimbia, keshaingiza mkono shimoni, na mtoto wa mwisho yumo ndani ya kanga ya Mama.

"Tumemwokoa," aliniambia, kwa Kiarabu cha khatibu.

Tukamtia kwenye banda la kuku, kuku tukawahamishia stoo. Alikuwa mdogo kama soksi iliyokunjwa, masikio makubwa kuliko uso. Mama yake alikuja magharibi ile, akasimama juu ya tuta akalia. Si kama mbwa. Kama mtu aliyekabwa. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa.

"Mrejesheeni mwenzangu mtoto wake," Mama alisema.

"Kesho, Mama," Nunu akajibu.

Sasa nikuambieni habari ya Mzee Mbarak. Alikuwa mfuga mbuzi, mwenyeji, nyumba yake juu kilimani. Tangu tunaweka msingi alikuja, akagonga fimbo yake kwenye tofali, akamwita Baba kwa jina lake.

"Toka hapa, ya Seif. Hii ni njia ya wadi. Wadi hulala, lakini haisahau njia yake."

Baba akaendelea kupanga matofali. Siku katapila ilipoziba lile bonde, Mzee Mbarak akaja tena, safari hii akipiga kelele. "Tokeni! Chukua watoto wako, tokeni!" Na Baba akasimama mlangoni kifua wazi: "Nishafukuzwa mara moja kwangu. Ya pili hanifukuzi mtu."

Mkimjua Baba mngelielewa. Alikuwa na miaka kumi na saba alipotolewa nyumbani kwao Unguja, na alituhadithia mara nyingi kuwa chai yake aliiacha mezani inafuka moshi. Hapa nako walimwita Zinjibari, wakimuuliza atarudi lini kwao. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu akimwambia toka, yeye hasikii linalofuata.

Ilikuwa Ijumaa, tumemaliza pilau. Mbingu juu yetu safi kama sahani iliyokoshwa. Mbali tu, kwenye milima, palikuwa na weusi, na milima ile kwetu ilikuwa pambo. Mlango ukagongwa kwa fimbo.

"Ya Seif! Wadi inakuja! Wallahi inakuja!"

"Mvua iko wapi?" Baba akasema, bado anachokonoa meno. "Mwambieni aje anioneshe tone moja."

"Seif, mtu wangu, niruke ukuta nikutoe kwa mkono?"

"Jaribu."

Baba akaenda akatia komeo.

Mama ndiye aliyesikia kwanza. Akaweka mkono ukutani. Sauti ile haikuwa ya maji, ilikuwa kama malori mengi yanamwaga mawe, na kabla ya maji ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa. Baba aliganda. Halafu akakimbilia komeo, na komeo, alivyolivuta kwa pupa, likakwama, lisifunguke. Mzee Mbarak akaruka ukuta kama alivyoahidi, mzee wa ndevu nyeupe, akalivunja kwa jiwe. Tukatoka mbio kuelekea kilimani, maji yako kwenye vifundo, mekundu, mazito, mara yako kwenye magoti.

Hapo Nunu akasimama.

Nilimwona akigeuka. Nilijua anakwenda wapi, na sikupiga ukelele. Hilo nalo lazima niliseme. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi, kwa sababu hatimaye mtu anarudi kumchukua yule mdogo. Nami nikageuka nimfuate, na Mzee Mbarak akanidaka kwa msokoto wa nywele. Mpaka leo upande ule wa kichwa hauoti vizuri.

Maji yalilifika tuta la Hamdun, yakakosa pa kwenda, yakarudi juu yetu.

Nunu walimwona asubuhi, chini ya tuta lile lile. Banda la kuku lilikuwa limenasa kwenye mgomba, mlango wake wazi, komeo lake dogo limevutwa. Alilifungua. Mtoto wa mbweha sijui alikwenda wapi.

Wanawake wa Ibra walikuja kumuosha. Maiti kwetu huoshwa kwa maji ya mkunazi, na mikunazi ilikuwa imelala kila mahali, majani bado mabichi. Hawakwenda mbali kuyachuma. Mama mwenyewe aliyatwanga. Nyumba ya Mzee Mbarak, tulipohifadhiwa, ikajaa harufu ile.

Hamdun alikuja matangani na bakuli la halwa. Akasema ni kudra. Mattar hakuja. Udongo wa lile tuta ulichukuliwa baadae ukajengewa barabara. Mie nilitolewa skuli mwaka ule, kwa kuwa Mama alikuwa hainuki tena kitandani, na nyumba ilitaka mtu wa kuipikia.

Watu waliniambia kuwa mbweha yule alijua, wanyama huonyeshwa. Nilipokuwa mdogo niliamini. Sasa siamini. Mbweha hakujua lolote. Alibomolewa nyumba akakimbia, basi, na kufukuzwa kukamponya yeye na wale wawili. Sisi tulifukuzwa mara tatu, na mtu aliyetutakia uhai, na tukatia komeo.

Nilikaa miaka mingi nikimchukia Baba, nikamtia safu moja na Hamdun na Mattar. Hamdun na Mattar wako pale pale nilipowaweka. Baba alifia kwangu, hapa Nizwa. Karibu na mwisho, nilimpelekea chai, akaitazama inavyofuka, akaniambia, "Iache mezani. Safari hii nitainywa." Akainywa yote, polepole, mpaka majani ya chini. Ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa nyuma ya lile komeo: kijana wa miaka kumi na saba, anangoja amalize chai yake.

Jioni ile katapila ilipozima, nilitoka nyuma nikachuma majani ya mkunazi ulioanguka, nikayaanika. Binti yangu akauliza ya nini. Nikamwambia ya nywele.