Mahali Yangu

Ilikuwa saa tano na robo ya asubuhi, siku ya Jumatatu, yule mama alipoingia uani kwangu. Saa yangu haikukosea; nilikuwa nimeilinganisha na ya stesheni asubuhi ileile. Nalitaja hili kwanza kwa sababu wengi hudhani mambo ya namna hii humtokea mtu gizani, akiwa na homa au amelewa. Mimi sinywi, homa sikuwa nayo, na jua la Shinyanga lilikuwa linachoma utosi. Ningekuwa mtu wa kutunga, niamini, ningejipa nafasi nzuri zaidi katika kisa hiki kuliko niliyo nayo.

Nyumba nilikuwa nimeinunua kwa mzee mmoja aliyeitwa Masunga. Alikuwa na haraka ya kwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu, kama wengi wa miaka ile. Alitaka shilingi arobaini, nikampa thelathini na tano. Nguzo zilikuwa bado nzima, lakini paa la nyasi lilikuwa limeoza, na udongo wa kuta umebanduka hata fito zikaonekana kama mbavu za punda mgonjwa. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa Tabora kwa dada yake pamoja na binti yetu. Alikuwa ameniambia wazi kwamba hapandi treni mpaka nyumba iwe na paa na kuta. Mvua zilibakiza wiki tatu hivi. Zingenikuta kabla ya kusiriba, kuta zingeyeyuka, na fedha yangu yote pamoja nazo.

Mimi ni karani wa mizani katika ghala la pamba, na msimu wa ununuzi ulikuwa umekwisha. Shule sikwenda; kusoma, hesabu na useremala nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuharibu mbao. Paa nililiezeka kwa mikono yangu, kwa madebe matupu ya mafuta ya taa niliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo. Kusiriba ndiko kulikonishinda. Fundi alitaka shilingi kumi na nne, na hakushuka hata senti moja.

Basi, Jumatatu hiyo nilikuwa juu ya paa nikigongomea misumari, nikasikia sauti chini.

"Mwangaluka, baba."

Nikaitikia salamu, nikatazama. Mama wa makamo, amejifunga kaniki moja, miguu ina vumbi jekundu hadi magotini.

"Nyumba yako iko uchi," akasema. "Nitaivika."

"Kwa bei gani?"

"Sitaki fedha. Unipe mahali yangu tu."

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, nalo lilianza kwa kicheko. Najivunia Kiswahili changu. "Sema pangu, mama," nikamwambia kutoka juu. "Mahali pangu. Neno hilo halina yangu."

"Mahali yangu," akarudia, bila kukasirika.

Nikadhani ni mjane asiye na pa kulala. "Haya, utapata. Chumba cha nyuma hicho." Nilijua nasema uongo. Chumba kile kilikuwa cha binti yangu, na nilipanga kumtoa yule mama kwa maneno ya adabu siku treni ya Tabora itakapofika.

Alianza kazi saa ileile. Alipaka udongo kwa viganja, akaulainisha kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ulikuwa na vidole vinne. Kidole kidogo hakikuwapo. Nimeona kuta nyingi, lakini sijaona zilizonyooka vile. Nilimpelekea ugali, akasema atakula akishalipwa. Jioni aliondoka bila kuaga, asubuhi nikamkuta kazini.

Jumatano nilitaka kujua kama udongo utatosha. Uani palikuwa na shimo la udongo wa kusiriba, nilikuwa nimelichimba na kulipima kina mwenyewe kabla: futi mbili na inchi tatu. Nikalipima tena. Futi mbili na inchi tatu. Vyumba viwili vilikuwa vimekwisha kusiribwa, na udongo wa shimo haukupungua hata koleo moja. Pipa la maji lilikuwa limejaa hadi ukingoni, kama nilivyoliacha.

Ungefanyaje wewe? Mtu mwadilifu angemwita yule mama na kumuuliza. Mimi nilifuta futi yangu nikaiweka mfukoni. Kazi ilikuwa ya bure, na kuta zilikuwa nzuri.

Alhamisi alikuja jirani yangu Mama Shija, muuza maziwa, mwanamke asiyepita bila kumtania mtu.

"Baba Zuhura! Hii nyumba au duka la mafuta ya taa? Jua likipiga hapo juu, ng'ombe wangu wanafumba macho!"

"Ingia uone kuta, halafu ucheke."

Akaingia akicheka. Katika chumba cha pili kicheko kikakatika. Alikuwa anatazama alama ya kiganja karibu na dirisha, mkono wa kushoto, vidole vinne.

"Nani amesiriba hapa?"

"Mama mmoja. Jina sikumuuliza. Leo bado hajafika."

"Huyo ni Kabula. Kidole kilikatwa baada ya kuumwa na nyoka." Sasa alikuwa ananong'ona. "Mke wa Masunga. Alikufa mvua za mwaka juzi, chumba hicho cha nyuma. Masunga hakumtolea kitu. Ndugu zake wakakataa kumzika kwao, wakauliza, huyu ni mke wa nani? Masunga akamfukia nyuma ya minyaa pale. Anadai mahali yake mpaka leo."

"Mahali gani?"

"Mahali, Baba Zuhura! Ng'ombe! Ng'ombe wa kuolea!"

Mahari. Miaka kumi nimesimama kwenye mizani nikiamkiwa "habali" na wakulima wale wale, na najua vizuri kwamba ulimi wa Kisukuma huigeuza r kuwa l. Lakini mbele ya yule mama nilikuwa na shughuli ya kumsahihisha, nikasahau kumsikiliza.

Tulikwenda nyuma ya ua wa minyaa. Kaburi lilikuwa limetitia, limebonyea kama karai, na udongo wake mwekundu haukuwapo. Sikulipima. Nilijua ulipokwenda.

"Kaka yake yuko Ushetu," Mama Shija akasema. "Hadai mengi. Mtamba mmoja tu, dada yake aitwe mke wa mtu. Mpelekee, baba. Umekaa katika nyumba yake."

Bei ya mtamba ilikuwa shilingi kumi na nane. Nilikuwa na ishirini na tatu, za mlango, madirisha na nauli ya treni. Nikajiambia deni ni la Masunga. Hata baraza la wazee lingesema hivyo. Ukweli ni kwamba Masunga hakusiribiwa nyumba, mimi ndiye niliyesiribiwa, na nililijua hilo wakati nikijitetea.

Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, nilimkuta amesimama ukumbini. Mikono yake ilikuwa mikavu.

"Kazi imekwisha, baba. Mahali yangu."

Nilikuwa na akili zangu timamu, na hilo ndilo linaloniuma. Safari hii nilielewa neno lake. Nikajifanya sikulielewa.

"Nimekwisha kukupa, mama. Chumba cha nyuma ndiyo mahali yako."

Nilisema yako, sikusema pako. Mimi niliyemcheka kwa neno hilohilo, nilivunja Kiswahili changu makusudi ili aridhike aondoke.

Akauliza, "Umenitolea wewe?"

"Mimi."

"Nimepokea," akasema, akaingia chumba cha nyuma. Nikangoja, kisha nikafuata. Hapakuwa na mtu. Ukutani palikuwa na kiganja kimoja, kibichi bado.

Mama Zuhura alikuja baada ya wiki mbili, akazisifu kuta. Siku ya tatu, tukiwa tunakula, Zuhura akauliza, "Mbona yule mama wa chumbani kwangu hali na sisi?"

Mke wangu akanitazama. Nikamweleza yote. Hakupiga kelele, heri angepiga. "Kwa hiyo mwanamke mwenzangu umemlipa kwa makosa ya ulimi wake," akasema. Kesho yake alifunga mzigo, akaondoka na Zuhura kwa treni. Aliniambia atarudi siku deni likilipwa.

Nikauza baiskeli yangu, nikanunua mtamba, nikamswaga siku nne hadi Ushetu. Kaka yake Kabula alikuwa mtu mpole. Alinipa kigoda, akanipa maziwa, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mtamba rudi naye. Hatupokei mara mbili."

"Mara mbili vipi?"

"Dada alikuja mwenyewe, mwezi uliopita, akasimama pale zizini mchana. Alisema ametolewa, na aliyetoa ni mwenye nyumba ya madebe." Akanipa mkono. "Karibu, shemeji."

Huu ni mwaka wa sita. Mvua sita zimepita, na ukuta haujapata ufa hata mmoja. Mke wangu yuko Tabora, na katika barua zake huniuliza hali ya mwenzake. Kila jioni mimi huweka sahani mbili za chakula. Moja hubaki bila kuguswa, lakini asubuhi kingo zake huwa zimefutwa vizuri, kwa vidole vinne.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiwa na nyumba ya kukarabati na fedha haba, mlipe anayekufanyia kazi. Na mtu akisema lugha yako kwa lafudhi ya kwao, muulize mara ya pili anataka nini kabla hujacheka. Mimi sikuuliza. Nikipiga hesabu, nilichookoa ni ujira wa fundi niliyemkataa, shilingi kumi na nne.