Nyota Nyekundu Kwenye Kanzu ya Idi

Chekeni tu, nimeshazoea. Aibu niliyoipata asubuhi ile ya Idi simwombei hata adui yangu, na ningekuwa na njia ya kuikana ningeshaikana, ila tatizo walioniona ni uwanja mzima wa swala, tena waliniona kwa nyuma.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa vitu, mabanda ya video yamechipuka kila mtaa, na sisi vijana wa Dodoma tumelewa picha za anga za juu, mara vyombo vinapaa, mara viumbe wa macho matatu wanashuka. Basi Mzee Shomari, mfanyabiashara wa pale mjini (babu zake walikuja na misafara ya zamani wakalowea), akaanza kujenga bustani ya michezo ya watoto, na pembe moja ya bustani akaiita Sayari ya Mbali. Jamani! Mafundi wa mtaa wa Kizota walichukua tangi kuukuu la lori la mafuta, wakalikata, wakalichongea pua, wakalitoboa madirisha ya mviringo, wakaliweka juu ya mhimili ili lizungushwe kwa kusukumwa, na ndani wakachomelea kiti cha rubani chenye nyota kubwa nyekundu iliyopakwa pa kukalia. Nimeona mengi tangu hapo, lakini kazi safi kama ile sijaiona tena.

Kila jioni mashabiki tulijaa kwenye uzio kuujadili ujenzi ule kama watu wanaojadili mpira. Mbishi mkubwa alikuwa rafiki yangu Selemani, fundi cherehani.

"Rubani akikaa pale haoni kitu," anasema. "Ataona chuma tu."

"Ataona mji wote!" namjibu. "Mafundi wale unawajua au unawasikia?"

Tukabishana mpaka mwezi wa mfungo ukaisha, na wa kutuamua hakuna, maana Mzee Shomari alishapiga marufuku: asikanyage mtu mle mpaka Idi, na wa kwanza kukalia kile kiti atakuwa mjukuu wake Mwajuma, aliyefunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa na sababu ya kutii kuliko wote, kwa kuwa wazee wangu walishapeleka posa kwa binti wa mzee huyo, Zuhura, na mzee akasema jibu litatoka siku ya Idi. Nilimpenda Zuhura mpaka usingizi ulinipaa.

Asubuhi ya Idi nikavaa kanzu mpya, nyeupe pe, aliyonishonea Selemani mwenyewe, nikatoka mapema. Kupita bustanini, nakuta lango wazi, mlinzi kaenda kutawadha. Nikajiambia, nakaa mara moja tu, ubishi uishe. Nikaligusa tangi, rangi waliyorudishia mafundi jana yake imekauka (oneni akili hiyo: niligusa tangi, kiti sikukigusa). Nikakaa. Wallahi niliona mji wote, mabati yanang'aa, vilima vya mawe kule nyuma, nikawa rubani kweli. Nikashuka nikienda zangu kwa madaha.

Uwanjani nilitaka kukaa nyuma, lakini watu wakahimizwa wajaze safu za mbele, nami nikaenda mbele kabisa, ubavuni kwa Mzee Shomari, ili aone mkwe anayemjia ni mtu wa dini. Tukarukuu. Nyuma nikasikia kikohozi, kikafuata kingine, halafu kama watu wanalia, nikasema moyoni leo waumini wameguswa. Baada ya salamu na hotuba, kila anayenipa mkono wa Idi ananitazama huku akijiuma midomo, nami nikadhani ni kanzu. Selemani akaja mbio.

"Kanzu yangu!" akapiga kelele. "Umekaa wapi wewe?"

Mzee Shomari akanishika bega, akanigeuza, akaitazama ile nyota iliyokaa mahali pasipotajika. Akaongoza njia kwenda bustanini na umati nyuma yake, na pale kwenye kiti rangi ilikuwa imevurugika, makalio yangu yamejichora yote mawili. Mwajuma, na gauni lake jipya, akauliza, "Babu, kumbe wa kwanza ameshakaa?" Nilitamani ardhi ipasuke. Kicheko cha watu niliweza kukivumilia, lakini macho ya yule mtoto yaliniumiza.

"Huyu hakukaa, mjukuu wangu," akasema Mzee. "Alikuwa anajaribu kama kimekauka." Akanigeukia. "Vua kanzu, mtandikie mtoto."

Nikavua, nikabaki na fulana iliyotoboka kwapani, nikaikunja kanzu upande msafi juu. Mwajuma akapanda, nikamsukuma, chombo kikazunguka bila hata mlio, akapiga ukelele, "Nauona mji wote!" (Selemani alisikia.) Nikasukuma watoto mpaka alasiri na fulana yangu ile, Zuhura amesimama na wenzake, kaufunika mdomo kwa mtandio, mabega yanamcheza.

Jioni jibu la Mzee Shomari likaja kwa wazee wangu: "Mwambieni kijana posa nimeikubali. Aliyewazungusha watoto wa watu mchana kutwa bila kununa, wa kwake atawalea."

Tangu siku ile sikai mahali kabla ya kupagusa kwa kidole, hata msikitini, hata kwa daktari. Na ukweni nikikaribishwa kiti, Mzee Shomari husubiri mpaka wageni wote wanyamaze, ndipo aseme, "Kaa, mwanangu. Kimekauka."