Specioza Aliyeagwa Mara Tatu

Specioza Mugeni wa Bulumbi, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, alikuwa mjane anayekaribia miaka hamsini, mama wa Kate, fundi wa majiko ya udongo na mwinjilisti wa kanisa lao. Jiko lake lilikula kuni chache na moshi ulitoka nje kwa bomba. Kila alipojenga jiko alihubiri pia, kwa sababu, alisema, mwenye jiko hawezi kukimbia kabla kazi haijaisha. Shirika moja la misheni lilipomwomba aende Papua, ng'ambo ya bahari, akafundishe wanawake wa huko na kuhubiri kwa mtindo huohuo, alikubali kwanza, halafu akauliza Papua iko wapi.

Maandalizi yalianza na shangazi yake, Senge Ajambo, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Tororo.

"Ng'ambo kote ni baridi," Senge alisema. "Ndiyo maana watu wa huko ni weupe."

"Papua ni joto, Senge. Na watu wake ni weusi kama sisi."

"Basi watakuwa wanavaa makoti mazuri."

Kwa heshima ya shangazi, Specioza alivuka mpaka, akanunua koti zito la mtumba katika soko la Busia ya Kenya. Alipolijaribu lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Muuzaji alimwambia amependeza kama waziri.

Kisha ikaja sherehe ya kumuaga. Mchungaji Maloba alihubiri juu ya Ibrahimu kuacha nchi yake, na mahubiri yakawa marefu kama safari ya Ibrahimu mwenyewe. Specioza naye, akiwa amejaa Roho na pilau, alisimama akagawa mali zake mbele ya watu wote. Kitanda alimpa Senge. Sufuria zote alimpa jirani yake, Akongo, mwanamke wa kabila la Wateso aliyeolewa hapo kijijini. Kuku aliwapa kwaya. Watu walilia. Akongo alilia kuliko wote, sufuria zikiwa zimebanwa kifuani.

Kesho yake shirika lilipiga simu: viza haijatoka, avumilie kidogo.

Specioza alikuwa amelala juu ya mkeka na hajanywa chai. Alikwenda kwa Akongo.

"Mama Kate, nilijua wewe uko njiani," Akongo alisema.

"Viza bado. Naomba sufuria ndogo, nichemshe chai."

Akongo alitazama jikoni, ambako ile sufuria ilikuwa tayari imejaa maharage. "Hii? Hii mimi nimeizoea sasa."

Wakakubaliana Specioza awe anakuja kupikia pale. Kitanda hakikurudi, Senge alisema mgongo wake umepona na hataki kuukasirisha. Kuku waliliwa na waimbaji wa besi, na Jumapili Specioza aliwasikiliza wakiimba kwa nguvu, akijua nguvu hiyo imetoka wapi.

Miezi ikapita. Mara ya pili shirika lilipotaja tarehe, kanisa lilimuaga kwa chai na mandazi, na Ibrahimu aliondoka Harani haraka sana. Tarehe ikaahirishwa. Mara ya tatu Mchungaji Maloba alimkuta barabarani, akazima pikipiki, akamwombea hapohapo akiwa amevaa kofia ya chuma, kisha akawasha pikipiki tena.

Safari hiyo nayo haikuwa. Vijana wakaanza kumwita Mama Bado. Specioza aliona aibu, akaacha soko la nyumbani na kwenda kununua chumvi ng'ambo ya mpaka, ambako hakuna anayemjua. Alipopita mitumbani sauti ikamwita.

"Mathe, kumbe bado uko? Koti lilikubali?"

Jioni ile alimwambia Akongo kwamba labda Mungu hajamtuma, labda ni yeye mwenyewe aliyependa kuitwa. Akongo aliendelea kumenya muhogo.

"Mama Kate, wakati hujaenda popote umejengea majiko nyumba zote za upande huu. Kama umejituma mwenyewe, umejituma vizuri. Lete kuni."

Viza ilitoka asubuhi ya siku ya kawaida kabisa, watu wakiwa shambani. Specioza alipita na sanduku lake akisema, "Mimi nakwenda Papua," nao wakamjibu, "Haya, tuletee nyanya," wakaendelea kupalilia. Akongo peke yake aliacha jembe, akamsindikiza hadi barabarani, na safari hii alilia mikono mitupu.

Kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe mkaguzi alifungua sanduku, akatoa mfuko mzito wa udongo wa kichuguu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni jiko. Ila halijajengwa."

"Udongo haupandi ndege."

"Na nikikuta kule hakuna vichuguu?"

"Utakuwa na kazi," mkaguzi alisema, akauweka mfuko kando kwa adabu, kama mtoto wa mtu.

Papua ilikuwa na udongo, lakini tabia zake zilikuwa nyingine. Jiko la kwanza lilipasuka katikati ya somo. La pili liliinama. Wanawake walicheka, Specioza akacheka nao, na mmoja wao akampeleka kwenye ukingo wa mto wanakochota udongo wa vyungu. La tatu likasimama.

Jumapili walimwomba aombe kanisani. Maneno machache ya lugha yao aliyojifunza yalimwishia kwenye "Baba", basi akaendelea kwa Kisamia, lugha ya kwao. Aliwaombea wote, kisha, kwa kuwa binti yake Kate alikuwa amempigia simu kusema mahindi ya Bulumbi yanakauka, akaomba mvua. Hakutaja mahali. Wote wakaitikia amina.

Alasiri hiyo mvua kubwa ilinyesha Papua, ikalilowesha lile jiko la tatu, ambalo lilikuwa bado halijaezekewa paa, hadi likawa tope. Jumatatu Specioza alivua viatu, akaanza kulikanyaga tope hilo, alijenge jiko upya.