Jumapili za Mita Mbili

Jackton Opiyo alipata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu bila malipo, tarehe 14 Machi 1988. Alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha chai. Leseni ilitangulia redio. Kericho nzima hakukuwa na duka lililouza redio za masafa aliyoyataka, yale ya mita mbili, na hata lingekuwapo hangeimudu bei. Akajiundia. Koili alizizungushia kwenye kalamu ya biro kwa waya wa shaba uliotoka kwenye mota iliyoungua, na mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo ukawa kasha la kuzuia mawimbi yasitoroke. Antena aliifunga juu ya mlingoti wa mabomba nyuma ya nyumba yake, Mogogosiek.

Wa kwanza kumjibu alikuwa Kipkurui, mwalimu wa fizikia kule Sigor, ambaye naye alikuwa amejiundia yake. Redio ya Jackton ilikuwa nyepesi kushtuka kama mbuzi: akisogeza kiti tu, sauti inahama masafa.

"Omera, tulia!" Kipkurui alikuwa akipaza sauti, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Umehama tena. Nikufunge kamba?"

"Wewe ndiye umehama, Mwalimu. Mimi niko hapa hapa na chai yangu."

Ikawa hivyo kila Jumapili baada ya kanisa. Walikuwa na sharti moja: mazungumzo yaliyopangwa kwa simu hayahesabiki. Mtu aitwe hewani, ajibu hewani. Hata simu za mkononi zilipofika, walipigiana kwa ajili ya matanga peke yake.

Kisha Chepyegon, jirani wa upande wa kusini, aling'oa chai yake iliyozeeka akapanda mikaratusi ili auzie kiwanda kuni. Sigor iko upande huo. Mawimbi ya mita mbili hupenda njia iliyonyooka, na majani mabichi huyanywa. Jackton aliongeza bomba kwenye mlingoti, miti ikaupita. Sauti ya Kipkurui ilififia msimu kwa msimu, hadi Jumapili moja haikuja.

Jackton alijua sababu. Simu ilikuwa mfukoni. Hakupiga. Miti hukatwa, alijiambia. Siku hiyo atamwita Mwalimu hewani, naye atashtuka.

"Mzee, bado unaongea na Sigor ama siku hizi ni Mungu tu?" Chepyegon alimtania kutoka ng'ambo ya ua.

"Kata miti yako, nitakwambia."

"Ikinenepa."

Ilikatwa Aprili mwaka huu. Jumapili iliyofuata Jackton aliwasha redio, akaiacha ipate joto, akataja jina lake la wito. Akaita hadi koo likakauka. Kilichomrudia ni mkwaruzo wa hewa tupu. Alifanya hivyo mwezi mzima, kisha akavunja sharti, akapiga simu.

Aliyepokea ni Chemutai, binti ya Kipkurui.

"Ni Opiyo wa Mogogosiek. Mwalimu hawashi redio siku hizi?"

"Aliiuza kwa mtu wa skrepu Februari. Masikio yaliisha, mzee. Hata ng'ombe akilia kando yake hasikii."

Jackton aligeuka kutazama visiki vya Chepyegon.

"Alikuwa anakuita kila Jumapili," Chemutai akaendelea. "Miaka. Mama anamwambia, si upige simu tu? Anasema hapana, kama Opiyo amenikasirikia, simu haitasaidia."

"Sikukasirika. Ilikuwa miti."

"Miti gani?"

Alimweleza yote. Chemutai alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, bila ukali:

"Na hungeweza kumwambia?"

Jackton aliuliza kama anaweza kuja.

Alhamisi atakwenda Sigor. Chemutai amemwomba aandike kwenye karatasi anachotaka kumwambia Kipkurui, tena kwa herufi kubwa, kwa sababu macho nayo yameanza kuchoka.