Mashetani Thelathini na Sita wa Mfukoni

Kilichoninyima usingizi ni swali hili: nikiweka sahihi yangu juu ya tumbo la shetani, nitakuwa nimekubaliana na kiwanda au na yeye?

Shangazi yangu hununua jinzi Guangzhou na kuzisafirisha hadi Kariakoo. Nilipomaliza chuo nikakaa nyumbani mwaka mzima nikiwaza kazi gani inanifaa, aliniita nije kumsaidia kabla sijamaliza kuwaza. Oda ya Xintang, mji wa viwanda vya jinzi pembeni mwa Guangzhou, ilikuwa ya kwanza aliyonikabidhi peke yangu, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuchagua kitambaa cha ndani ya mifuko. Nikivuruga, alishaniambia, narudi kwa baba yangu nikawaze huko.

Nilichagua kitambaa cha samawati iliyokolea, kimejaa nyota na vijitu vilivyosimama ndani ya mashua. Kimoja kina kichwa cha simba, kingine cha nyoka. Nilikipenda sana. Jioni nikavihesabu kwenye picha niliyopiga: thelathini na sita. Nikaacha kukipenda.

Nilisoma historia, kwa hiyo hawa tulikuwa tunafahamiana. Wamisri wa kale walikuwa na makundi thelathini na sita ya nyota, kila kundi na roho yake, kila roho na zamu ya siku kumi. Kwa hizo walihesabu saa za usiku, na waliwachora hata ndani ya vifuniko vya majeneza ili maiti asipotelewe na wakati. Baadaye wanajimu wakawagawia viungo vya mwili: huyu kichwa, huyu koo, huyu tumbo. Waliofuata, wenye dini nyingine, wakamalizia: mlinzi wa tumbo akawa shetani wa kuumiza tumbo. Asubuhi yake tumbo liliniuma. Nilikuwa nimekula pilipili nyingi, lakini sikutaka kurahisisha mambo.

Xintang wana utaratibu wao. Sampuli ikikubaliwa, mnunuzi huandika jina lake juu ya kitambaa chenyewe kwa kalamu isiyofutika, kisha kinakatwa vipande viwili, kimoja chake na kimoja cha kiwanda. Bila hivyo hakuna suruali inayoshonwa. Laoban, yaani mama mwenye kiwanda, akanipa kalamu. Mimi nikampa simu yangu yenye tafsiri: "Hawa ni mashetani?"

Akasoma, akawatazama kwa makini, akaandika jibu. Simu ikalisoma kwa sauti ya upole: "Hawachuji rangi."

Nikatoka nje kumpigia shangazi, aliyekuwa soko la nguo la Zhanqian akibishana na muuza mashati. Nikamweleza yote.

"Si wewe uliyenicheka nilipopiga simu Unguja kuulizia siku njema ya kufunga kontena?"

"Nilicheka kidogo, shangazi."

"Ulicheka mpaka chai ikakutoka puani. Haya, leo ni zamu ya nani kati yao?"

"Sijui."

"Miaka yote ile chuoni na hujui zamu ya leo. Mtu wangu wa falaki angeshanitajia na saa."

"Sasa nikatae?"

"Sikiliza, mwanangu. Mteja wa Kariakoo hugeuza mfuko nje kabla hajaijaribu suruali. Atauliza, na mimi siuzi nisichoweza kukieleza. Ukiwa na maelezo, saini. Huna, chukua kitambaa cheupe. Usinipigie tena kuniuliza."

Akakata. Nikakaa juu ya robota la jinzi. Kitambaa cheupe kilikuwa salama, ila kilifanana na sanda. Hilo nalo nililiwaza. Halafu nikawafikiria wale thelathini na sita. Walikesha zamu baada ya zamu, hawakumdhuru mtu. Akaja mwenye nyumba mpya, akakuta walinzi wa zamani mlangoni, akawaita wezi. Nami, kwa elimu yangu yote, nilikuwa nimeshika upande wa mwenye nyumba.

Nikaandika maneno ya lebo ya kuning'inizwa kiunoni: "Mfukoni mna walinzi wa nyota wa Misri ya kale. Walihesabu saa za usiku. Ushetani walisingiziwa." Nikamtumia shangazi.

Akajibu: "Hiyo inauzika. Akirudisha mtu, utamsikiliza wewe."

Nikarudi ndani, nikaandika majina yangu matatu kwa herufi kubwa, kutoka mashua ya kwanza hadi ya nne, kisha nikamsogezea laoban mkasi.