Maji ya theluji Shenandoah: nilivyoloa nikakataa nguo kavu

Habari za weekend wakuu,

Hili limenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Nalieleza lilivyokuwa, hata pale nilipofanya ujinga.

Naishi Alexandria ya huku Marekani, kazi yangu ni kupaki magari ya wageni hotelini. Mwishoni mwa mwezi wa tatu nikapata off Jumamosi. Huku chini miti ilishachanua, watu wameanza kuvaa kaptura.

Nikampigia Njoroge, Mkenya wa Germantown, nesi. Ni rafiki yangu wa miaka mingi. Tukakubaliana twende hiking, kutembea milimani, kwenye hifadhi ya Shenandoah.

Nilivaa jeans, T-shirt ya pamba na raba. Njoroge alikuja na buti, koti na begi kubwa mgongoni. Nikamcheka. Nikamwambia mimi ni wa Rombo, milima nimezaliwa nayo.

(Wakuu, Rombo nilikuwa napanda kwenda shambani. Kileleni sijawahi kufika.)

Saa ya kwanza ilikuwa safi, jua na jasho. Halafu trail, njia ya miguu, ikaingia upande wa kivuli, na huko winter ilikuwa haijaondoka. Theluji imeyeyuka, imeganda tena, barafu tupu juu ya mawe. Nikaanguka mara mbili.

Tukafika kwenye kijito. Siku nyingine unavuka kwa kukanyaga mawe. Siku hiyo theluji ya juu ilikuwa inayeyuka, maji yamefunika mawe na yanakwenda kasi.

Njoroge akasimama. "Bro, tugeuke. Hii maji si ya kucheza nayo."

Nikamwambia Wakenya waoga. Nikaingia.

Hatua ya tatu nikateleza, nikazama hadi kifuani. Njoroge alininyooshea fimbo yake ya kutembelea, akanivuta nje.

Akafungua begi, akatoa sweta. "Badilisha."

Nikakataa. Nilikuwa naona aibu, basi. Nikasema nitakauka nikitembea.

Tukaanza kurudi. Upepo ulikuwa mkali na gari liko mbali. Mwanzoni nilitetemeka sana, meno yanagongana. Baadaye kutetemeka kukakoma, nikajiona nimepata nafuu. Nikataka kukaa kwenye gogo nipumzike kidogo.

Njoroge akaja mbele yangu, akaniangalia machoni.

"Lastborn wako anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Sura yake naiona, pengo la meno naliona. Jina halipo.

Hakunibembeleza tena. "Toa nguo. Zote."

"Watu watapita..."

"Aibu utaona ukishapona."

Alinivua mwenyewe, vidole vyangu havikuweza hata kifungo. Akanivika sweta, suruali yake ya akiba, kofia, na koti alilokuwa amevaa yeye. Akaniketisha juu ya begi nyuma ya mwamba, akaninywesha chai ya sukari nyingi kutoka kwenye chupa yake, kidogo kidogo. Yeye kabaki na shati.

Wazungu wawili walipita, wakaacha blanketi la dharura, la karatasi ya kung'aa inayotunza joto. Akanifunga nalo.

Baada ya muda nikaanza kutetemeka upya. Njoroge akacheka kwa mara ya kwanza. Alisema hiyo ndiyo dalili aliyokuwa anaisubiri, mwili umeanza kujipasha joto wenyewe.

Kisha jina likaja lenyewe. Nikalisema kwa sauti: "Neema."

"Poa," akasema. "Sasa tushuke."

Nilichojifunza: hali ya hewa ya mlangoni kwako si ya mlimani. Kabla ya kwenda angalia ripoti ya trail yenyewe, si ya mjini. Jeans na pamba zikiloa ni adui. Na mwenzako akikupa nguo kavu, vaa, mambo ya uanaume yasubiri kwenye gari.

Mke wangu anajua nilitumbukia majini. La kusahau jina la mtoto sijamwambia, na Neema ndiye anayenifungulia mlango nikitoka kazini.

Wakuu mlio na familia, mngewaambia? Karibuni.